Mlioingia ubingwa wa meno mkiwa na GPA mbovu, tupeane uzoefu

Gego la Mwisho:
Wakuu, habari za kazi. Niko mwaka wa tatu chuo cha meno hapa Marekani. Miaka miwili ya mwanzo ilinitoa jasho: C za kutosha, somo moja nikalirudia kiangazi, na darasani niko robo ya chini. Nataka ubingwa wa meno ya watoto. Mshauri wangu kaniambia kwa upole nifikirie kazi ya kawaida ya kliniki. Wenye A ushauri wao nimeusikia sana, leo naomba wenye matokeo kama yangu. Umeingiaje, ubingwa gani, nini kilisaidia na nini kilikuwa kuchoma hela? Hata mliokosa mje.

Taji la Chuma:
Mdogo wangu, karibu chamani. Nilimaliza karibu na mkia wa darasa, sasa niko residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, ya meno ya watoto.

Nikiwa bado chuoni niliomba, hakuna aliyeniita hata kwenye usaili. Elewa kwanza kwa nini. Ndani ya PASS, mfumo wa kupeleka maombi ya ubingwa, kuna fomu ya mkuu wa chuo, na chuo kikiwa kinapanga wanafunzi kwa namba, namba yako itakuwa pale. Zamani bodi, ile mitihani ya taifa ya leseni, ilikuwa inaokoa watu. Siku hizi haiokoi: Part I, sehemu yake ya kwanza, iliacha kutoa alama mwaka 2012, na INBDE, mtihani mpya wa bodi ulioanza 2020, ni kufaulu au kufeli tu. Anayepitia rundo la mafaili anabaki na GPA mezani.

Nikaenda GPR, residensi ya udaktari wa meno wa jumla, mwaka mmoja hospitalini, na huko ndiko mambo yalikobadilika. Usiku wa zamu unaitwa uende emajensi: mtoto kavimba shavu mpaka jicho linataka kufumba, homa juu, mama yake hajalala. Arudi nyumbani na dawa ya kunywa, au alazwe apewe ya mshipa? Umwamshe nani? Ganzi itashika kweli mahali penye usaha? Bingwa aliyekuwa ananisimamia mwanzoni alikuwa anasimama nyuma yangu kakunja mikono. Baadaye akawa anasubiri nimpigie.

Huyo ndiye aliyeniandikia barua ya mapendekezo. Najua aliandika nini kwa sababu wasaili waliniuliza: alisimulia mgonjwa mmoja wa usiku, nilivyomhudumia hatua kwa hatua. Kwenye usaili tulizungumza zaidi habari za huyo mtoto kuliko C yangu ya famakolojia.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hawaambiwi. GPR nyingi zinaanza Julai, na maombi ya ubingwa yanakwenda vuli hiyo hiyo. Ukitaka kuunganisha moja kwa moja, unaomba barua kwa mtu aliyekujua wiki chache tu. Mimi nilibaki mwaka wa pili palepale, programu yetu iliruhusu. Barua ya mwaka wa pili ilikuwa na nyama.

Kibanio:
Nakuja kama niliyekosa, kama ulivyoomba. Nilitaka ubingwa wa kupanga meno. Huko ushindani ni mwingine kabisa, watu wa juu darasani wanajazana mlango mmoja. Baadhi ya programu zinataka na GRE, mtihani wa jumla wa kuomba masomo ya juu, na nyingi unalipa ada badala ya kulipwa. Nilijaribu kuongeza idadi ya maombi. Haikusaidia kitu, faili lile lile likisomwa sehemu nyingi linasomeka vile vile, na kila programu unayoiongeza PASS inachaji.

Leo ni daktari wa kawaida, nafanya kesi nyepesi za kupanga meno, sheria inaruhusu, ngumu nawapa rufaa. Sina kinyongo. Ila anayekwambia GPA haijalishi popote, muulize yeye kaomba ubingwa gani.

Mzizi Mmoja:
Matibabu ya mzizi ni dunia yake. Programu nyingi za kwetu haziko kwenye Match, ule mfumo unaooanisha orodha za waombaji na za programu; zinasoma maombi yanapoingia, kwa hiyo anayesubiri siku ya mwisho anaweza kukuta nafasi za usaili zimeshagawiwa. Na zinapenda mtu aliyefanya kazi kwanza.

Nilifanya kliniki ya jamii, ile ya wagonjwa wasio na bima. Kila mzizi nilioutibu nilihifadhi picha: kabla, nikiwa kazini, baada, na mgonjwa akirudi miezi kadhaa baadaye. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne unaojificha upande wa shavuni mbele, wengi wanaupita. Nilikwenda na picha za kesi nilizoukuta na moja ambayo sikuukuta, jino likasumbua, nikarudia. Mkuu wa programu alikaa zaidi kwenye hiyo moja. Habari za chuo aliniuliza tukiwa tunasimama kuondoka.

Nyundo na Patasi:
Upasuaji wa kinywa na taya: CBSE, mtihani wa sayansi za msingi za tiba. Ndio mtihani unaotoa alama, na alama nzuri inamfanya msomaji afungue faili alilotaka kulipita. Ongeza kutembelea programu ukiwa mwanafunzi, wakuone unaamka saa kumi alfajiri bila kununa. Mimi sikupata kwanza, nikafanya mwaka wa intern kwenye idara ya upasuaji, wakanichukua waliokuwa wameshanizoea. Ni mwaka mgumu na hauna ahadi yoyote, usiende ukidhani ni tiketi.

Mzee wa Fizi:
Nimekaa upande wa pili wa meza, chuo sitaji. Faili lenye alama mbovu hatulitupi kwa sababu ya C. Tunaangalia zimekaa wapi. C za mwaka wa kwanza kisha alama za kliniki zinapanda, hiyo inaeleweka. Inayopanda na kushuka mpaka mwisho inatutia wasiwasi, tunajiuliza residensi ataimaliza?

Kwenye insha sentensi mbili zinatosha: nini kilitokea, nini kimebadilika, songa mbele. Nimesoma kurasa nzima za msiba na ugonjwa, unamhurumia mtu lakini bado hujui anafanyaje kazi. Pale inapokubalika ADAT, mtihani wa kuomba mafunzo ya ubingwa wa meno, ifanye. Ilianza 2016 hasa kwa sababu bodi ziliacha kutoa alama, inapimwa 200 mpaka 800. Ukipata ya wastani haitakubeba, kwa hiyo usiikalie bila maandalizi.

Na ukifika kupanga orodha ya Match, panga unavyopenda wewe kweli. Kila mwaka mtu anaweka juu programu anayodhani "inamtaka". Mfumo unaanza na chaguo lako la kwanza na kushuka, na kuweka juu programu ngumu hakukupunguzii nafasi kwenye zilizo chini. Usiyoitaka kabisa usiiandike, maana matokeo yanakufunga. Ukikosa kuna awamu ya pili.

Gego la Mwisho:
Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Dada Taji, nikichagua GPR naangalia nini? Kwenye tovuti zote zinafanana.

Taji la Chuma:
Usiishie tovuti, tafuta walioko ndani mwaka huu, wapigie wakiwa wametoka kazini. Waulize zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi na bingwa anakuja mwenyewe au anajibu simu akiwa kitandani. Waulize kama wanaingia chumba cha upasuaji na watoto waliolazwa usingizi, au wanaitwa kusafisha tu. Uliza pia waliomaliza mwaka jana wako wapi. GPR nyingine ni kuziba na kung'oa mchana kutwa, hela ipo ila barua ya kukupeleka kwa watoto hutaipata huko. Nifuate inbox nikupe maswali mengine, mengine hayafai kuandikwa hapa.