Re: Minervali ya mutoto hapa Uingereza: tutoe likelemba ao aombe mukopo?

Mama wa Kadutu, jambo sana. Naenda kujibu mu kifupi (munanijua, haitakuwa fupi).

Tafazali usitoe franga ya likelemba (ile ya kuchangiana kwa zamu) kwa kulipa minervali (bei ya masomo), aombe mukopo ya serikali. Huo woga wako naujua, Bukavu mutoto anafukuzwa mu mutihani juu papa hajamaliza kulipa, njo maana tunatetemeka tukisikia deni. Lakini huku England wote wenye walianza kusoma na mukopo tangu Agosti 2023 hawalipe kitu mupaka mushahara ipite paundi 25,000 kwa mwaka, na wanakata 9% ya ile yenye imepita tu. Akipata 30,000 ni 450 kwa mwaka, paundi 37 na nusu kwa mwezi, inatoka ku fishi ya mushahara mbele hata aione, na hakuna mutu wa tribinali atakuja kubeba televizio. Likelemba muiweke ya chumba, juu ile mukopo ya kuishi wanaangalia mapato ya wazazi na mara mingi haitoshe. Bursi ya batoto wa bamaskini walishaifuta 2016.

Chenye kinaniuma ni ile miaka 40 ya kulipa mbele deni ifutwe! Wenye walianza 2012 walipewa 30. Na wabunge wengi wenye walipigia kura hii bei walisoma bure, minervali ilianza 1998 na paundi 1,000, 2006 ikaruka 3,000, kisha 2010 serikali ikasema franga imekwisha, ikakata ile ilikuwa inapatia bauniversite, kura ikapita 323 kwa 302, na 2012 ikawa 9,000. Mu 2025 ikafika 9,535. 2008 mabanki njo yalianguka, faktire ikapewa mutoto wa miaka 18.

Sisi hatushangae. Kwetu Kongo, ba papa wa UNAZA (universite ya Leta ya wakati wa Zaire) walipata bursi, walikula ku restora ya kampus, kisha Leta ikaachilia, na tangu miaka ya 90 wazazi njo wanalipa mwalimu. Masomo ya bure ya 2019 ilianzia ku primere, mwenye iko universite ajipange.

---

Re: Re: Minervali

Niko Glasgow, huku wenye wanakaa Scotland serikali inawalipia. Lakini yaya, usihame juu ya hiyo, mwenye alikuja juu ya masomo tu hawamuhesabu.

Na makaratasi je? Mwenye alishapewa ukimbizi anaomba mukopo sawa wengine, lakini kama munangojea jibu ya azili bado, hapati, na bei ni ya wageni. Tuambie kwanza.