Jiji linunue magari mapya ya theluji au tuvumilie yaliyopo?

mpitia_bajeti: Wakuu habari zenu. Nipo kwenye kamati inayopitia bajeti ya jiji na sahivi ubishi wote ni magari ya kuondoa theluji, idara ya barabara inataka malori mapya, madiwani wengine wanasema mwaka jana theluji ilibipu tu ikaondoka, hela za nini. Kila mtu anaongea kwa hisia. Nyie mngeanzia wapi?

fundi_grisi: Anzia gereji mkuu, sio mezani. Omba daftari la matengenezo la kila gari, uangalie siku theluji imeanguka lilikuwa barabarani au limelala linasubiri spea. Ile chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani haili bodi tu, inaingia kwenye viungio vya waya, paipu za breki na za haidroliki, unakuta lori kwa nje zima kabisa halafu saa nane usiku bleidi, lile jembe la mbele la kusukuma theluji, inagoma kunyanyuka. Kama injini na chesisi viko poa badilisheni bleidi na kile kifaa cha kumwaga chumvi nyuma, basi. Chesisi ikishaoza hapo tafuteni hela tu. Halafu kuna ule ukingo wa chini wa bleidi, ule ni wa kuisha na kubadilishwa, watu wanaona gari linaacha theluji nyuma wanasema bovu kumbe ukingo umeliwa.

zamu_ya_usiku: Msimu mmoja hausemi kitu, chukueni rekodi za theluji za miaka 10 au zaidi. Chicago 1979 meya Michael Bilandic alibwagwa na Jane Byrne kwenye kura za mchujo na theluji ambayo jiji lilishindwa kuiondoa ilichangia sana. Ila msikimbilie kununua pia, New York 1969 vifaa walikuwa navyo, vingi vilikuwa vibovu kwa kutotunzwa, eneo la Queens la jiji hilo likafukiwa siku kadhaa na meya Lindsay akazomewa alipoenda kule. Na madereva je? Theluji ikipiga usiku kucha na huna watu wa zamu ya pili, lori jipya linapaki tu.

mpitia_bajeti: Na wale wanaosema tukodi mkandarasi?

dada_tenda: Kukodi sawa ila theluji inawaangukia wateja wake wote siku moja, kwa hiyo mkataba useme atafika ndani ya saa ngapi na faini asipofika, na atataka alipwe hata isipoanguka. Mimi ningebaki na magari ya jiji kwa barabara kuu na za hospitali, mitaa ya ndani na paking apewe yeye.

maji_chumvi: Kabla ya lori lolote ulizeni kama mna mtambo wa maji ya chumvi. Ukinyunyizia kabla theluji haijaanguka barafu haishikani na lami, bleidi inakwangua kirahisi na chumvi inatumika kidogo. Mchanganyiko ni chumvi asilimia 23 hivi. Ikitangulia mvua usihangaike, inaosha yote, na baridi ikishuka chini ya nyuzi -10 chumvi ya kawaida inakuwa kama haipo.

fundi_grisi: Sawa ila hayo maji yanapenya kwenye waya kuliko chumvi kavu, muwe na sehemu ya kuosha magari kila zamu ikiisha. Mkuu, hiyo idara imesema hayo malori mapya yatalala wapi? Kama ni nje kwenye uwanja, mimi kura yangu hapana.