Kuna kitu kimekwama ndani ya chimni, nisaidieni kabla hatujawasha moto

Mkazi wa Kabale: Habari zenu ndugu. Nyumba yetu ni ya zamani, ina mahali pa kuotea moto sebuleni, na baridi ya Kabale mnaijua. Sasa tangu juzi jioni kuna kitu kinakwaruza humo ndani ya chimni halafu kinatoa sauti kama nyoka, shhhhh ndefu, watoto wamekataa kukaa sebuleni. Leo nimekuta kwenye jivu vidonge vyeusi kama kidole gumba, nikapasua kimoja kwa kijiti, ndani ni manyoya na vifupa vidogo vidogo. Mume wangu anasema tuwashe moto moshi ukitoe. Nifanyeje?

Fundi Paa: Moto hapana kabisa! Kitaungua kikiwa hai, na kama kuna kiota kikishika moto humo nyumba yote iko hatarini. Hivyo vidonge ni vya bundi, anameza panya mzima halafu mifupa na manyoya anatapika. Mulika tochi kutoka chini uone kama kuna makinda, yakiwepo itabidi msubiri mpaka yaruke.

Mkazi wa Kabale: Nimemulika, sura nyeupe kama moyo inanitazama, masizi mpaka kifuani jamani! Yuko peke yake. Ila mama mkwe kusikia tu bundi, anasema huo ni uchuro, auawe leo leo.

Mama Mbarara: Dada usikubali, nakuomba sana. Sisi tumekaa na bundi kwenye dari ya stoo miaka 4, hakuna msiba wowote, na panya waliokuwa wanatoboa magunia ya mahindi wakaisha. Halafu sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 ipo, huwezi kuua tu. Giza likianza kuingia funga milango ya vyumba, zima taa zote, fungua dirisha kubwa, tokeni mkae kimya. Akianguka kwenye jivu mfunike na taulo nzito, chunga kucha, muweke kwenye boksi lenye matundu, usimnyweshe maji. Bawa likiwa limevunjika pigia watu wa UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.

Mkazi wa Kabale: Ametoka!! Saa moja na nusu kashuka, kakaa kwenye mkono wa kochi kama dakika mbili, halafu akapita dirishani bila sauti hata kidogo. Pazia lina alama ya bawa la masizi. Mama mkwe aliona yote, hajasema kitu. Fundi, kesho naweka waya gani huko juu?

Fundi Paa: Wavu wa kuku wenye matundu madogo, funga imara, ila panda umulike tena kwanza usije ukamfungia mwingine ndani.