Meza ya mbao za mashua ya babu, vanishi inanata na meza inatoa maji. Nifanyeje?

BintiMikindani:
Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada hasa kwa mafundi na watu wa pwani. Babu yangu alikuwa mvuvi huku Mikindani, mashua yake ilibaki mchangani tangu alipofariki na watu walishaanza kuipiga jicho la kuni, nikawaomba wajomba wanipe mbao za ubavuni ambazo bado ngumu nitengenezee meza ya sebuleni, mama awe anaiona. Fundi akaniungia, miguu tukachonga kwenye mataruma, yale mbavu za ndani, ya mashua hiyohiyo, ilivyotoka mama alilia.

Sasa shida vanishi. Haikauki, ukiweka kikombe kinainuka nayo, pengine imevimba malengelenge, halafu tangu mvua za kifuku zianze asubuhi unakuta majimaji juu ya meza na bati halivuji, yakikauka yanaacha weupeweupe. Mbao za katikati nazo zimeachana. Fundi anasema mbao zimekufa nichome nikanunue mninga. Mimi mninga siutaki, nazitaka hizi. Zinaokoleka?

MzeeWaShangani:
Pole mjukuu wangu. Mbao haijakufa hiyo, imeshiba. Mashua hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na chokaa, bado pamba ya kukalafatia, ile ya kuzibia nyufa, nayo ina mafuta. Miaka yote hiyo ubao unakunywa tu, vanishi itashika wapi? Huo weupe ni chumvi.

FundiLigula:
Mzee kamaliza. Niongeze kwenye hayo maji: lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, imejaa humo ndani, na hewa yetu ya kifuku ikipita unyevu wa asilimia 75 chumvi inavuta maji yenyewe, ndo maana meza inatoka jasho. Cha kufanya fungua meza yote, bandua vanishi, loweka mbao kwenye maji ya bomba au ya mvua uwe unabadilisha mpaka ukilamba ubao usisikie chumvi. Zikaushe kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite na juu weka mawe zisipinde, juani zitapasuka. Zikikauka kabisa ndo upanguse na thina, badilisha kitambaa mpaka kitoke kisafi. Na kama kuna rangi ya zamani msasa piga kwa maji na uvae barakoa, rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi, ni sumu, watoto wakae mbali.

KakaMkavu:
Kazi yote hiyo ya nini? Mwagia epoksi juu, ile gundi ya maji inayoganda, inakuwa kioo

FundiLigula:
Epoksi juu ya mafuta na chumvi inabanduka vipande mkuu, na hela yake unaijua. Asimwage.

BintiMikindani:
Asanteni sana, Mzee umenipa moyo mno, fundi angenichomea kitu cha babu. Maswali mawili, misumari ya zamani imebaki ndani tuliikata tu vichwa, niiache? Na lazima nipake vanishi tena?

MzeeWaShangani:
Itoe. Chuma kikila kutu kinavimba kinapasua ubao kutoka ndani. Matundu ziba kwa vijiti vya mti huohuo, usizibe na simenti kama nilivyoona watu wanafanya.

FundiLigula:
Vanishi achana nayo. Mbao iliyozoea mafuta ipe mafuta, tafuta ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyochemshwa, paka kidogo, futa yanayobaki, acha ikauke urudie. Ila tambara ulilofutia usilikunje ukalitupia kwenye kona, yale mafuta yakikauka yanapata joto na tambara linawaka lenyewe, watu wameunguza karakana hivyo. Lianike nje limetandazwa au lizamishe kwenye ndoo ya maji. Na safari hii mwambie fundi uso wa meza asiukaze kwa gundi na msumari kila mahali, aache nafasi ndogo kati ya mbao, kifuku zikivimba ziwe na pa kwenda.

BintiMikindani:
Sawa, Jumamosi naifungua na mjomba. Nitaweka picha zikiwa kwenye maji.