Mjadala: Mchora katuni wa gazeti akihamia katuni za watoto, amekimbia?

Mdau wa Mwanjelwa
Wadau, habari za jioni. Jana kijiweni Kabwe, hapa Mbeya, nusura watu wagombane. Mzee mmoja kasema wachora katuni wa siku hizi wamewaacha wakubwa wapumue, wamekwenda kuchora wanasesere wanaofundisha watoto kuhesabu, kwa sababu huko kuna hela ya wafadhili na hakuna anayeitwa polisi. Mimi nikabisha. Naleta kwenu.

Nimewahi kukaa meza ya magazeti miaka saba, enzi zile gazeti la leo linashuka na basi la Dar jioni. Mteja anakuja, mikono nyuma, anamaliza vichwa vya habari vyote kwa macho, kisha anasema kwa upole, "Hebu nifungulie pale kwa Kipanya." Namfungulia. Anacheka peke yake, anamwita mwenzake, wanacheka wawili, wanaondoka. Mimi nabaki nalikunja lile gazeti upya lisionekane limeguswa. Kwa nakala moja ambayo haijauzwa, mchora katuni Masoud Kipanya kasomwa na watu ishirini! Sasa magazeti yenyewe yamekonda. Mnataka mchoraji ale nini? Kipanya mwenyewe tumemsikia redioni miaka yote, na mwaka 2022 akatuonyesha gari la umeme. Kalamu peke yake haijawahi kumtosha mtu.

Mwalimu wa Tukuyu
Naunga mkono, ila neno "wanasesere" limeniuma kidogo. Ubongo Kids, ile katuni ya kufundisha watoto hesabu, ilipoanza kuonekana kwenye TV mwaka 2014, nilikuwa na darasa la nne lenye watoto wasiotaka kusikia neno hesabu. Wakaanza kuja na nyimbo za kwenye katuni. Nimefundisha hesabu za sehemu kwa wimbo ambao sikuutunga mimi.

Na msidhani ni kazi nyepesi. Sinema ni picha 24 kwa sekunde moja. Hata ukibana ukatumia michoro 12 kwa sekunde, dakika moja tu ni michoro 720. Mchoraji wa gazeti akitoa mmoja kwa siku, hiyo ni kazi ya karibu miaka miwili! Ndiyo maana wanafanya kwa timu na kompyuta, mkono wa mhusika unahamishwa tu bila kuchorwa upya.

Mzee wa Iringa
Kamwene. Wanangu, mnazungumzia mishahara, mzee wa kijiweni alizungumzia ujasiri. Msimkwepe.

Sisi tumekua na katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory kwenye Uhuru. Gazeti la chama, tena miaka ya Azimio la Arusha, lakini Chakubanga alikuwa anatucheka sote. Baadaye likaja jarida la katuni la Sani, tukawa na kina Madenge na Ndumilakuwili, kitabu kinapita mikononi bweni zima mpaka jalada linatoka. Hapo hakuna mfadhili.

Halafu angalieni mchora katuni Gado, Godfrey Mwampembwa. (Majina ya Mwa- yamejaa Mbeya, lakini huyu kazaliwa Dar, 1969.) Mwaka 1992 akaenda Nairobi kwenye kampuni ya magazeti ya Nation. Januari 2015 The EastAfrican, gazeti la kampuni hiyohiyo, likazuiwa kuingia Tanzania. Serikali ilisema halijasajiliwa, lakini muda si mrefu kabla ya hapo lilikuwa limetoa katuni yake ya kumchora Rais Kikwete. Mwaka uliofuata mkataba wake na kampuni ukaisha bila kuongezwa. Mchoraji anahitaji mhariri wa kusimama mbele yake, simu ikipigwa aipokee yeye. Mhariri akihama njia, mnamlaumu mchoraji kwa nini? Mimi lawama nawapa wenye magazeti.

Kijana wa Uyole
Shikamoo mzee. Mimi kero yangu ni nyingine kabisa. Yule Akili wa Akili and Me, katuni ya watoto wadogo, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwani milima yetu ya Mbeya, Rungwe imekosa nini? Loleza je? Mwanangu ana miaka minne, ananiuliza kwa nini mlima wetu hauna theluji juu. Nimemjibu umeyeyuka.

Mdau wa Mwanjelwa
😂 Umemdanganya mtoto.

Lakini hapo umenigusa. Katuni ya gazeti ilikuwa ya wiki hii na ya hapa: sukari imepanda, mgombea kaleta kanga, barabara imekufa. Wiki ijayo haina maana tena, unafungia maandazi. Ya watoto inatengenezwa kwa gharama kubwa, lazima iingie Kiingereza na Kifaransa, iangaliwe nchi kadhaa, idumu miaka. Hapo huwezi kumchora diwani wa kata yako. Kwa hiyo mzee wa kijiweni kakosea kuita woga, ila kuna kitu kweli kimeondoka, na hakuna aliyekaa pale pengo lilipo. Hilo namkubalia, nitamwambia kesho, ingawa atajisifu wiki nzima.

Mwalimu wa Tukuyu
Wapo wanaochorea simuni, wanarusha WhatsApp.

Mzee wa Iringa
Hao nao hawana mhariri, Mwalimu.

Kijana wa Uyole
Kuna anayefundisha kuchora hapa Mbeya? Nauliza kwa ajili ya mdogo wangu wa darasa la sita. Juzi kamchora mwenyekiti wa mtaa kasinzia kikaoni, mdomo wazi, muhuri kaushika mkononi. Amefanana naye mpaka mama kauficha mchoro chini ya godoro.

Mdau wa Mwanjelwa
Mwambie mama asiuchane. Mlete kijana Jumamosi, nina karatasi za upande mmoja rundo zima.