SSD "mpya" yenye saa 19,412! Wauzaji wa Mombasa, mwatuona wajinga?

Jamani, niacheni nitoe moto. Nimenunua SSD (diski ya kuhifadhia data) ya aina ya NVMe ya GB 512 duka moja hapa mjini, imefungwa nailoni safi, naambiwa "mpya kabisa bwana, haijaguswa". Nafika nyumbani Likoni, naitia kwenye laptopu ya Ubuntu (aina ya Linux), naandika amri za smartctl, programu inayosoma hali ya diski:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/nvme0

Power On Hours (saa ilizokaa imewashwa) 19,412. Power Cycles (mara ilizowashwa) 41. Data Units Written (data iliyoandikwa) TB 249. Percentage Used (uhai wake uliokwisha kutumika) 83%.

Hebu nihesabieni. Hizo saa ni zaidi ya miaka miwili mfululizo, usiku na mchana, na kuwashwa ni mara 41 tu! Laptopu gani hiyo? Hiyo ilikuwa kwenye seva, ikaandikwa mpaka ikachakaa, ikang'olewa, ikapanguswa vumbi, nikauziwa mimi kwa bei ya mpya.

Nikavuka feri kuirudisha. Kijana wa kaunta ananiambia saa hizo "ni za majaribio ya kiwandani". Miaka miwili ya majaribio! Namwonyesha ile 83, yeye yuanyoosha kidole pale juu palipoandikwa PASSED: "Si unaona imefaulu?"

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Kwenye NVMe, PASSED yamaanisha tu Critical Warning (onyo la hatari) ni sifuri: akiba ya nafasi za ziada ndani ya diski haijashuka chini ya kiwango, joto halijapita kiasi, diski haijajifunga ikawa ya kusoma tu. Uchakavu haumo. Percentage Used yaweza kufika 100 na kupita, na PASSED ikabaki palepale.

Sikatai, bado yafanya kazi, hata Available Spare (ile akiba) ni 100%. Wangeniuzia kwa jina la mtumba na bei ya mtumba nisingefungua mdomo.

Na risiti imegongwa muhuri "mali ikiuzwa hairudishwi". Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na habari anazohitaji kuzihusu. Muhuri wa duka waifuta Katiba tangu lini?

Sasa wanataka kunipa "nyingine". Nimewaambia sawa, lakini smartctl iendeshwe mbele yangu kabla sijaipokea. Wamekataa, eti wao hawatumii Linux. Kwani smartctl si ipo hata ya Windows?

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na maduka ya aina hii hapa Mombasa? Ulipitia wapi?