Bei ya mkaa: mti unalipiwa na nani?

Wadau, tangu Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimezuiwa kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Siupingi. Lakini mpaka tufike huko, mkaa unaoingia Dar kila usiku utatozwa vipi?

Leo mti wenyewe mara nyingi haulipiwi. Mchoma mkaa anakata, anapanga magogo, anafukia udongo, kisha anakesha akiziba nyufa za tanuru kila moshi unapotokea pasipotakiwa, maana hewa ikiingia anaamkia majivu. Baada ya yote hayo bei anapangiwa na dalali, kwa sababu hana kibali na dalali analijua hilo. Ushuru unasubiri barabarani, unamnasa mwenye lori. Bodaboda aliyepita njia za panya na magunia yake halipi kitu. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba serikali inapoteza dola milioni 100 kwa mwaka kwenye biashara hii. Na mama wa Manzese anayenunua kwa kopo, kilo moja inamgharimu zaidi kuliko aliyenunua gunia zima.

Wapo wanaosema tupandishe tozo ili watu wahamie gesi, au tupige marufuku kabisa. Marufuku tuliijaribu mwaka 2006. Bei ikapaa, na baada ya majuma machache ikaondolewa. Tozo ikipanda getini, mizigo itazidi kupita porini.

Mimi naiangalia Kilosa, wilaya ya Morogoro. Kuna vijiji vilivyogawa msitu wa miombo kwa vitalu: unavuna kimoja, unaruka jirani yake, visiki vinachipua, na kitalu kinapumzika miaka 24. Ada inalipwa kijijini, ikajenga madarasa. Msitu usioingiza chochote, kijiji kitaugeuza shamba la mahindi, na shamba halichipui miombo.

Kwa hiyo napendekeza: ada itozwe kwa kilo, si kwa gunia, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, si kipimo. Kibali apewe mchomaji, si dalali. Na mizani ikae kijijini mti ulipokatwa. Anayetaka ada ibaki kwenye mageti ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, atueleze atawapataje wale wanaopita usiku.